Ladha ya Kusoma Iliyopotea, na Jinsi Inavyorudi



Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi habari ya jambo moja ambalo limeingia katika nyumba nyingi, nalo hufichwa kama kidonda chini ya nguo. Ni habari ya kijana aliyepelekwa chuoni. Hapo kwanza alipenda kusoma. Kisha ikafika siku ambayo kitabu kilikaa mbele yake kama ugali uliolala, hautamaniki wala hautupiki. Hana homa. Hakugombana na mtu. Hakufukuzwa. Ila moyo umegoma. Baba husema, "Ni uvivu." Mama husema, "Amerogwa." Jirani husema, "Elimu imemzidi." Na kijana mwenyewe hasemi neno, maana hajui aseme nini.

Zamani jambo hili halikuwa letu sana, kwa kuwa vyuo vilikuwa vichache, na watoto wa wakulima waliofika huko walihesabika kwa vidole. Leo mambo ni mengine. Kule Nyegezi, chuo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa mwaka 1960 na Askofu Joseph Blomjous kilikua hata kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino mwaka 1998. Butimba kipo chuo cha ualimu, na Bugando huwafundisha waganga. Tena tangu mwaka 2005 Bodi ya Mikopo imekuwa ikiwakopesha fedha wanafunzi wa elimu ya juu. Kwa hiyo mtoto wa mkulima wa mpunga aweza kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na uchungu wa chuoni umekuwa uchungu wa nyumbani. Haifai tena kuufanya siri.

Tutawasimulia habari ya kijana mmoja, bila kumtaja jina wala chuo chake, kwa idhini yake na ya wazazi wake.

MAMA NA RAMLI

Sisi twakaa Kisesa, katika wilaya ya Magu, kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma. Kutoka hapa hata mjini ni mwendo wa kilomita 20 hivi. Asubuhi moja ya mwezi wa Januari, wakati watu wanapopandikiza mpunga, mama mmoja alifika mlangoni petu, jembe lingali begani. "Mwangaluka, Mwalimu," akasema. Tukamwitikia, tukamkaribisha kiti. Hakukaa.

"Mwalimu, mwanangu amerudi kutoka chuoni, wala si wakati wa likizo. Leo ni siku ya tatu amelala tu. Baba yake hataki kumtazama. Jirani amenishauri niende kwa mganga apige ramli, tujue ni nani aliyemfunga akili. Nifanyeje?"

Tulimwambia asiende. Hatukumwambia hivyo kwa kuwadharau wazee, bali kwa sababu hii: ramli hutafuta mtu wa kulaumiwa, na mtoto yule alihitaji mtu wa kumsikiliza. Ramli ingempa mama adui mpya katika ukoo, na kijana angebaki vilevile juu ya mkeka wake. Tukamwahidi kwamba jioni tutafika.

Hatuna budi kukiri jambo moja. Njiani jioni ile tulikuwa tumekwisha tayarisha maonyo yetu. Tulitaka kumwambia kwamba wenziwe wangapi wangeitamani nafasi ile. Kwamba uvivu ni mama wa umaskini. Na mengine ya namna hiyo ambayo sisi walimu tunayo tele. Lakini tulipomwona amekaa chini ya mwembe, amekonda, mikono imelegea magotini, tuliona haya kwa maneno yetu, tukayameza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Tukakaa. Mama akaleta matobolwa na maji. Tukazungumza juu ya mvua, na juu ya bei ya mpunga, na juu ya ndama aliyezaliwa. Giza lilipoanza kuingia, ndipo mwenyewe akasema, bila kuulizwa:

"Mwalimu, nausoma ukurasa mmoja mara tatu, nikijiuliza umesema nini, sijui. Nilipokuwa shule ya msingi hapa hapa Kisesa nilikuwa nikisoma hata karatasi iliyofungia sukari. Sasa nikifungua kitabu naona ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Wale wanne wa baba."

NG'OMBE WANNE

Basi akatueleza. Alipoingia chuoni mkopo haukutosha, baba yake akauza ng'ombe wawili. Mwaka wa pili ulipofika, akauza wawili wengine. Tangu hapo kijana alianza kuhesabu. Kila somo lilikuwa na thamani ya nyama. Kila mtihani alioupata vibaya ulikuwa mguu wa ng'ombe uliotupwa. Akazidisha saa za kukesha, akaacha mpira, akaacha kuimba kwaya, akaacha kula na wenzake, ili asipoteze hata dakika moja. Na kadiri alivyozidi kukaza, ndivyo akili ilivyozidi kukataa. Mwisho akawa hukaa mbele ya kitabu huku anatazama simu yake, picha za watu asiowajua, hata usiku wa manane. Kisha hulia kwa aibu, asubuhi huenda darasani hajalala. Siku moja akafunga begi lake, akapanda gari, akashuka Kisesa.

Je, wasomaji, huyu ni mvivu? Mvivu hulala usingizi mzuri. Mvivu hajihesabii ng'ombe. Huyu alikuwa amebeba mzigo mahali pasipostahili mzigo. Alianza kusoma kwa sababu alipenda kujua. Akaishia kusoma ili alipe deni. Na mtu asomaye ili alipe deni hana nafasi ya kufurahi, maana hata akijua neno jipya, moyo wake huuliza tu, "Je, limepunguza deni kiasi gani?"

Jambo hili limechunguzwa na wenye elimu. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja wa Marekani, Edward Deci, alieleza majaribio aliyowafanyia wanafunzi wa chuo. Aliwapa mafumbo ya vipande vya kuunganisha, mchezo wenye kupendeza. Baadhi yao aliwalipa fedha kwa kila fumbo walilolifumbua. Wengine hakuwalipa kitu. Malipo yalipokoma, aliwaacha peke yao kidogo ili aone watafanya nini kwa hiari yao. Wale waliozoea kulipwa hawakuyarudia mafumbo kwa hamu ile ya kwanza. Mchezo ulikuwa umegeuka kuwa kazi ya ijara. Hatusemi kwamba fedha ni mbaya, wala kwamba kijana asiwafikirie wazazi. Twasema hivi: hamu ya kujua ni kitu chembamba, ukiifunga kamba ya malipo au ya hofu, yaweza kukatika.

Siku ya pili tulimwendea baba yake zizini. Ni mtu wa maneno machache. Tulimweleza habari ya ng'ombe wanne kama tulivyoisikia. Akanyamaza kitambo kirefu, akimkuna ndama kati ya masikio. Mwisho akasema, "Mimi nilidhani anatudharau. Nilidhani amekuwa mtu wa mjini." Hapo tulifahamu kwamba na baba naye alikuwa mgonjwa wa hofu yake.

Usiku ule alimwita mwanawe. Twajua aliyomwambia, kwa kuwa kijana ametuambia mara nyingi, na kila mara hucheka na kufuta macho. Alisema: "Mwanangu, ng'ombe wale walikwenda mnadani. Hawakwenda chuoni. Usiwachunge huko. Wewe kasome, ukishindwa, utarudi, na jembe lako lipo."

Wazazi wapendwa, yafaa tuyatazame maneno haya. Baba yule hakumwambia mwanawe kwamba kushindwa si kitu. Alimwambia kwamba akishindwa atabaki kuwa mwanawe. Yako mambo mawili hapo, wala si jambo moja.

KATIKA MAJARUBA

Lakini maneno peke yake hayakumwinua. Mtu aliyelala siku nyingi hainuki kwa maneno. Asubuhi yake mama yake alimwambia, "Leo ni zamu yetu, majirani wanakuja kupandikiza. Njoo utusaidie." Akaenda shingo upande.

Ninyi mnaolima mpunga mwajua kazi ile ilivyo. Miche hung'olewa kitaluni, ikafungwa mafungu mafungu, ikapelekwa jarubani. Watu husimama mstari mmoja ndani ya maji, migongo imeinama, nao hurudi nyuma pole pole wakichomeka mche baada ya mche. Ukimtazama jaruba lote kutoka ukingoni, moyo huvunjika. Lakini mbele ya kila mtu hakuna jaruba. Mna mche mmoja tu. Kushoto kwako yupo jirani, kuume kwako yupo mwingine. Mama mmoja mtu mzima alianza wimbo, wengine wakaitikia. Kijana alituambia kwamba mwanzoni mgongo ulimuuma, akataka kutoroka; kisha akasahau kutoroka. Alipoinua kichwa, jua lilikuwa katikati ya mbingu, na jaruba lilikuwa kijani.

Wazee wetu Wasukuma walilijua jambo hili tangu kale. Walikusanyika vikundi, wakalima shamba la huyu leo na la yule kesho, mbele yao mpiga ngoma na mwimbaji. Ngoma ya Bugobogobo, ambayo wachezaji wake hurusha na kuzungusha majembe, ni ngoma ya wakulima. Vyama viwili vikubwa vya wachezaji, Bagika na Bagalu, vimeshindana tangu karne ya 19. Hapa karibu nasi, Bujora, mahali ambapo Padre David Clement wa Kanada alianzisha kazi ya kutunza mila za Wasukuma katika miaka ya 1950, lipo jumba la makumbusho lenye ngoma zao. Na mwezi wa Juni watu hukusanyika huko katika sikukuu ya Bulabo kutazama mashindano. Siku hizi plau na trekta vimepunguza vikundi vile vya jembe, lakini hekima yake haijaoza.

Nayo ni hekima gani? Ngoma hailainishi udongo. Wala haipunguzi shamba. Ila humpa mkulima vitu viwili: kipimo, ili asitazame shamba zima bali pigo moja la jembe; na wenzi, ili asiwe peke yake. Na furaha haikuja kwanza, kazi ikafuata. Kazi ilianza, na furaha ikaja katikati, kama mgeni aliyesikia ngoma kwa mbali.

Jioni ile lilitokea jambo la pili. Dada yake mdogo, aliye darasa la saba, alikuja na daftari lake akauliza, "Kaka, kwa nini mpunga hustawi mbugani, na huko mlimani haukubali?" Kijana yule alikuwa anajifunza ualimu wa jiografia. Akachukua konzi mbili za udongo, mmoja mweusi wa mbugani na mmoja wa kichanga, akazitia katika makopo mawili yaliyotobolewa chini, akamwaga maji. Maji yakapita upesi katika mchanga. Katika udongo mweusi yakakaa. Akamweleza mtoto habari ya chembe ndogo za udongo zinavyoshikamana. Mtoto akapiga makofi. Baba yao alikuwa amesimama nyuma, akauliza swali moja, kisha la pili. Wakakaa hata taa ikaisha mafuta. Kijana alituambia, "Mwalimu, saa ile sikuona ng'ombe. Niliona udongo."

MAMBO MATANO YA KUSHIKA

Akakaa nyumbani siku tisa. Katika siku hizo tulizungumza naye mara nyingi, na mambo haya tuliyashauriana. Twayaandika kwa faida ya wengine.

Kwanza, asingoje hamu. Wanafunzi wengi husema, "Nitasoma hamu ikirudi." Ni sawa na mtu kusema, "Nitawasha moto nikiisha kuota joto." Hata madaktari wanaotibu watu waliozama katika huzuni hawaanzi kwa kungoja furaha, humpangia mgonjwa matendo madogo ya kila siku, na furaha hufuata nyuma. Basi kijana na ajiwekee kipimo kidogo ambacho hata siku mbaya hakimshindi: dakika 25 kwa somo moja, kisha ainuke, anyoshe miguu, anywe maji. Na simu iwe mbali naye, sandukuni au mkononi mwa rafiki. Isiwe juu ya meza. Anayelima na kucheza bao kwa wakati mmoja hulima vibaya na kucheza vibaya.

Pili, afunge kitabu na kujiuliza. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapa habari ya wanafunzi waliopewa maandiko ya kusoma. Baadhi waliyarudia kuyasoma. Wengine waliyafunga, wakaandika yote waliyoweza kuyakumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walionekana kujua zaidi. Lakini baada ya juma moja waliojiuliza ndio waliokumbuka zaidi. Kijana wetu alikuwa akisoma ukurasa ule ule mara tatu na nne, wala hakuona mavuno. Na mkulima asiyeona mavuno huchoka upesi. Alipoanza kufunga kitabu na kuandika kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni mistari mitano, aliona kitu mkononi. Kuona kitu mkononi ni nusu ya furaha.

Tatu, asisome peke yake siku zote. Atafute wenzi watatu wenye nia, wakutane siku zilizowekwa, kila mmoja awaeleze wengine sehemu yake. Hatusemi kundi la kupiga soga, wala la kuandikiana majibu. Twasema mstari wa jarubani: kila mtu anachomeka mche wake, lakini wimbo ni mmoja.

Nne, elimu yake ipate kazi sasa hivi, isingoje cheti. Aliyejifunza jiografia aweza kumweleza baba yake mambo ya udongo; aliyejifunza hesabu za biashara aweza kumsaidia mama muuza dagaa kujua kama anapata faida au hasara; aliyejifunza uuguzi aweza kueleza kwa nini maji ya ziwa yachemshwe. Maarifa yasiyotumika huchacha.

Hapa twamkumbuka mtu mmoja wa ng'ambo ya maji, wa kisiwa cha Ukerewe, ambaye heri kila mwanafunzi wa pwani hii amjue. Ni Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Alisoma katika shule ya misioni, kisha katika seminari ya Rubya, akajifunza lugha za mbali, Kilatini na nyinginezo. Hakuwa padre, alirudi kisiwani kwake. Angaliweza kusema, "Elimu yangu imepotea bure." Hakusema hivyo. Aliichukua kalamu, akaandika kwa Kikerewe habari za watu wake: jinsi walivyooana, walivyolima, walivyovua, walivyotafuta dawa ya utasa. Padre Almas Simard wa Kanada alimtia moyo. Akamaliza kuandika mwaka 1945. Hakupata wa kukichapa. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, akangoja. Kitabu hicho, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kilichapwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Hesabuni miaka: tangu alipomaliza hata kilipochapwa ni miaka 35. Hapakuwa na mshahara wa kumngoja, wala mtihani wa kumtisha. Aliona kazi mbele yake ambayo aliipenda, na iliwahusu watu aliowapenda. Mtu wa namna hiyo huchoka mwili, lakini ladha haimtoki.

Tano, alale. Na katika juma awe na siku moja asiyofungua kitabu cha darasa hata kimoja. Kijana wetu aliacha kwaya na mpira ili apate saa za kusoma, akapoteza na hizo saa zenyewe. Ng'ombe wa kukokota plau hulishwa na kupumzishwa na mwenyewe, si kwa huruma tu, bali kwa sababu msimu ni mrefu.

NENO LA TAHADHARI

Ingekuwa vibaya tukiwaacha mdhani kwamba kila moyo uliochoka huponywa na wimbo wa jarubani. Uko ugonjwa uitwao sonona, nao ni ugonjwa kweli kama malaria ilivyo ugonjwa. Mkiona kijana, kwa muda wa majuma mawili au zaidi, amejaa huzuni karibu kila siku, hapendi lolote alilolipenda, halali au hulala kupita kiasi, hali, hujiita takataka, au husema kwamba heri asingekuwapo, msingoje. Mpelekeni hospitalini mkamweleze daktari yote, bila haya. Na akisema habari ya kujiua, asiachwe peke yake hata saa moja. Kumwombea ni vizuri. Lakini sala haimzuii mtu kupanda gari kwenda kwa daktari. Wala msimwambie, "Jikaze kiume." Hatujaona bado mguu uliovunjika ukapona kwa kukazwa.

Kadhalika, kijana asitoroke chuo kimya kimya kama alivyofanya huyu wetu. Katika vyuo yupo mlezi wa wanafunzi, ambaye kazi yake ni kusikiliza mambo haya. Na kwa utaratibu mwanafunzi mwenye sababu ya kweli aweza kuomba ruhusa, au hata kuahirisha masomo kwa muda. Barua moja iliyoandikwa mapema huokoa mwaka mzima. Kijana wetu aliandika barua yake hapa mezani petu, siku ya sita, na mkono wake ulitetemeka. Alisema kweli yote. Akajibiwa arudi.

MWISHO WA HABARI, NA NENO KWA WAZAZI NA WALIMU

Siku ya kumi alipanda gari kwenda mjini. Mama yake alimfungia michembe na dagaa. Baba yake alimpeleka hata kituoni, akambebea begi, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya kwanza.

Hatutawaambia kwamba alirudi akawa wa kwanza darasani, maana si kweli. Mwisho wa mwaka alishindwa somo moja, akafanya mtihani wa marudio, akapita. Ameuingia mwaka wa tatu. Ziko asubuhi ambazo bado huamka na uzito moyoni, naye hutuandikia, "Mwalimu, leo nimeamka na ng'ombe." Nasi humjibu, "Chomeka mche mmoja." Kwa kawaida jioni hutuletea habari ya jambo fulani alilolisoma, lenye kumshangaza, na barua hiyo huwa ndefu. Hapo hujua kwamba ladha imerudi, hata ikiwa ni kwa siku hiyo.

Ninyi wazazi, kuleni hasara ya kunyamaza kwanza. Mtoto akirudi kabla ya wakati wake, msimpokee kwa hesabu ya gharama. Gharama anaijua kuliko ninyi. Mpeni maji, mpeni kazi ndogo kati ya watu, mngojeni aseme. Na fedha mliyoitoa, itoeni kweli; msiitoe kwa mkono mmoja na kuishika kwa mwingine.

Nanyi walimu wa shule zetu, tazameni mnalopanda. Mtoto aliyezoezwa kusoma kwa kuogopa fimbo na kutamani namba ya kwanza tu, atafika chuoni, mahali ambapo hapana fimbo wala wa kumpanga namba, naye atasimama kama ng'ombe aliyefunguliwa nira asijue njia. Mwacheni aulize. Mpeni konzi ya udongo mkononi. Siku moja, mbali na nyumbani, usiku kitabu kitakapokuwa kizito, atakumbuka kwamba palikuwa na wakati alipouliza neno kwa sababu alitaka tu kujua, akajibiwa, akapiga makofi.

Na wewe kijana, ikiwa gazeti hili limekufikia huko chuoni uliko, na kitabu chako kimefungwa tangu juma lililopita, usitazame jaruba zima. Inama. Mche mmoja unatosha kwa usiku huu.